Ndoo chini ya kitanda cha bibi: kisa cha familia moja ya Mtwara mjini na matumizi ya jikoni

Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama hapa Mtwara mjini. Kisa hiki ni cha mwanachama wetu mmoja, na yeye mwenyewe ameruhusu kisimuliwe. Nimemwita Mama Z, mumewe Baba Z. Mtaa sitautaja, na mambo madogo ya kifamilia nimeyabadilisha ili jirani asiwatambue. Bei na tarehe ni zile zilizoandikwa kwenye daftari lake.

Familia yenyewe

Nyumba ina watu saba: mume, mke, watoto wanne, na bibi mzaa baba. Nyumba ni ya bibi, kwa hiyo hawalipi kodi ya pango. Ana pia mikorosho michache kijijini, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, ila mavuno yake siku hizi ni ya kununua kanga na kulipia dawa.

Baba Z ni kibarua wa kupakia magunia maghalani. Minada ya korosho ikianza Oktoba, magari yanaingia mjini usiku na mchana, na kazi ipo. Msimu wa 2023 kazi ilikuwa nyingi zaidi kwa sababu korosho za kusini zilielekezwa Bandari ya Mtwara. Ikifika Februari anarudi kwenye vibarua vya hapa na pale, siku ya kupata na siku ya kukosa. Mama Z anapika vitumbua na kuviuza asubuhi barazani. Pesa ya vitumbua ni ndogo lakini haikatiki, na ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba kutoka Machi hadi Septemba.

Alinijia Novemba, katikati ya msimu, wakati ambao hakutakiwa kulalamika. "Dada katibu, mume wangu analeta hela, mimi nauza, nyumba haina kodi. Mbona kila Ijumaa nakopa dukani?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa daftari la kurasa 40.

Daftari la siku 14

Nilimwomba aandike kila senti inayotoka kwa ajili ya jikoni, usafi na vitumbua, bila kubadilisha chochote. Binti yake mkubwa, wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa anaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Jumanne moja ilisomeka hivi (jero ni shilingi 500, buku ni 1,000): mafuta jero, mafuta jero, mkaa kopo 1, sukari robo, mafuta buku (vitumbua), nazi 2, mafuta buku (vitumbua), dagaa fungu 2, matembele 500, unga kilo 2, mkaa kopo 1, sabuni ya unga 300, kiberiti 100. Mtoto alitumwa dukani mara tisa siku ile. Nilizihesabu.

Siku 14 zilitoa shilingi 241,500, yaani 17,250 kwa siku. Hapo hakuna soda, hakuna nyama isipokuwa Ijumaa mbili. Nilitafuta anasa kwenye kurasa zile nikaikosa. Watu wa semina za akiba hupenda kuwaambia akina mama wapunguze vitu visivyo vya lazima. Nani anipunguzie hapo?

Basi tukaangalia bei. Mama Z alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akawa anamimina humo mafuta ya jero kila yakiletwa kabla ya kuyatumia, na kuweka alama ya kalamu. Jero saba zikajaza chupa. Maana yake nusu lita ilikuwa inamgharimu 3,500, na lita nzima 7,000. Siku hiyohiyo ndoo ya lita 20 ilikuwa 92,000 sokoni, yaani 4,600 kwa lita. Kwa siku alikuwa ananunua jero sita, mbili za nyumbani na nne za vitumbua: shilingi 3,000.

Mkaa ulikuwa na hadithi hiyohiyo. Kopo buku moja, makopo mawili kwa siku. Gunia la 32,000 tulilipima kwa kopo lilelile la muuzaji, likatoa makopo 45 na vumbi. Kopo moja kwa bei ya gunia ni kama 710.

Sukari ilinishangaza kwa upande mwingine. Robo ilikuwa 800, kilo nzima 3,000. Anayenunua robo nne anazidishiwa shilingi 200 tu. Niliiona namba hiyo Novemba nikaipita. Ilinirudia baadaye.

Desemba: wananunua kila kitu

Katikati ya Desemba Baba Z alilipwa malimbikizo yake. Tulikaa barazani kwao, bibi akiwepo, na mimi ndiye niliyesema neno ambalo leo najilaumu nalo: nunueni kwa jumla. Sikusema nini kwa jumla, wala kiasi gani.

Desemba 16 bajaji ilishusha mzigo: mchele kilo 50 kwa 125,000, mahindi debe tatu kwa 51,000, ndoo ya mafuta 92,000, sukari kilo 10 kwa 29,000, gunia la mkaa 32,000, katoni ya sabuni za mche 20,000, na bajaji yenyewe 4,000. Jumla 353,000. Mabaki mfukoni hayakufika elfu ishirini.

Kwa nini waliamua hivyo? Baba Z alieleza vizuri, na sababu yake haikuwa ya kipumbavu. Pesa ya msimu, alisema, haikai: ukiiweka ndani, mdogo wako anajua umelipwa, fundi anajua, msiba unatokea. "Chakula hakiazimwi," alisema. Bibi aliguna, hakusema kitu. Nilikuja kuelewa baadaye ile miguno.

Mwaka mpya bila sukari

Sukari ndiyo ilitangulia. Kwa matumizi yao ya zamani, chini kidogo ya nusu kilo kwa siku nyumbani na kwenye vitumbua, kilo 10 zilitakiwa kufika siku 25. Ziliisha siku ya 17, Januari mosi. Watoto walikuwa likizo, sufuria ya chai ilikuwa haishuki jikoni. Mama Z naye alikiri kwamba vitumbua vya siku zile vilikuwa "vitamu kuliko hela yake". Na Januari 2024, kama wengi tunavyokumbuka, ndiyo sukari iliadimika nchi nzima hadi Serikali ikatangaza bei elekezi. Dukani kwao robo ilifika 1,200. Kwa hiyo walikula haraka sukari ya bei nafuu, wakabaki kununua ile ya bei ya moto.

Mafuta yaliisha Januari 15. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana hii ndiyo hesabu iliyonibadilisha. Lita 20 ni sawa na jero 280 za muuza duka. Kwa jero sita kwa siku, ndoo ilitakiwa kwenda siku 46. Ilikwenda siku 31. Gawa 92,000 kwa 31 unapata kama 2,968 kwa siku. Zamani, alipokuwa "anaibiwa" na kipimo cha dukani, alitumia 3,000. Faida yote ya kununua ndoo nzima, kuinama sokoni, kulipia bajaji, kufungia elfu tisini kwa mwezi mzima, ilikuwa kama shilingi 32 kwa siku.

Hakuna aliyeyaiba. Ukiwa na ndoo, unainamisha na kumimina. Ukiwa na mafuta ya jero kwenye kikombe, unayazungusha sufuriani hadi tone la mwisho.

Mahindi yakafuata. Debe moja lilisagwa Desemba, likatoa unga wa dona ambao watoto waliununia siku mbili kisha wakauzoea. Debe mbili zilibaki kwenye gunia la kawaida nyuma ya mlango. Mwanzoni mwa Februari Mama Z aliingiza mkono, ukatoka na vumbi jeupe hadi kwenye kiwiko. Dumuzi. Mdudu huyo watu wa huku wanamfahamu maana hala mahindi tu, hata makopa ya muhogo anayageuza unga. Debe moja waliweza kulipepeta na kuliokoa. Jingine walipewa kuku wa jirani.

Mchele ulikuwa salama kwa wadudu. Kwa watu, hapana. Gunia lilikaa sebuleni kwa sababu vyumba vimejaa, na anayeingia kusalimia analiona. "Mama Z, nigawie kibaba, nitakurudishia." Sitaki kuandika kana kwamba kugawa ni hasara. Kwetu, mwenye gunia akimnyima jirani kibaba anajulikana hadi mtaa wa tatu, na ipo siku atahitaji. Lakini daftari halina huruma: kama kilo sita zilitoka kwa njia hiyo, zikarudi mbili.

Na Januari hiyohiyo shule zilifunguliwa. Sare mbili, viatu, madaftari, mchango huu na ule. Pesa haikuwepo. Ilikuwa imelala kwenye gunia nyuma ya mlango ikiliwa na dumuzi. Baba Z alisema kweli kwamba chakula hakiazimwi, ila hakilipii sare pia.

Mama Z akaenda dukani kukopa kama zamani. Yule mwenye duka, mtu mzima, mpole, ambaye kwa miaka alikuwa anamwandikia kwenye daftari lake bila neno, alimwambia: "Mama Z, si siku hizi mnashushiwa na bajaji? Kakope hukohuko." Alirudi nyumbani analia. Aliumia zaidi kwa lile neno kuliko kwa kukosa mkopo wenyewe.

Alikopa kwetu kikoba 100,000, miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi: 15,000. Jumlisha debe la mahindi, kilo nne za mchele zisizorudi, sukari. Ule ununuzi wa jumla wa Desemba uliwaacha nyuma kuliko walipoanzia.

Februari: bibi anapewa ufunguo

Tulikaa tena. Safari hii bibi alizungumza wa kwanza. Alisema zamani kijijini nafaka ilikaa ghalani juu ya moto wa jikoni, moshi ukifukuza wadudu, na hakuna mtoto aliyepanda huko. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa anateremsha chakula cha siku. "Nyie mmeleta ghala, hamkuleta mwenye ghala."

Maamuzi yalikuwa haya.

Ndoo ya mafuta ilikaa chini ya kitanda cha bibi, chumba chake kikiwa na kufuli. Kila Jumamosi alitoa chupa tatu za lita moja: moja ya nyumbani, mbili za vitumbua. Hicho ndicho kiwango kilekile cha jero sita kwa siku, wala hatukuwabana. Chupa ya nyumbani ikiisha Alhamisi, Ijumaa ni chukuchuku.

Chupa zililipiwa. Hapa Mama Z alibisha sana, kwamba atanunuaje mafuta yake mwenyewe? Lakini alikubali: kila chupa shilingi 5,000 ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, chupa za vitumbua zikilipiwa kutoka kwenye mauzo ya vitumbua, ile ya nyumbani kutoka kwenye hela ya matumizi. Chupa tatu kwa wiki ni 15,000. Kabla ya ndoo kukauka, kopo lina pesa ya ndoo nyingine. Faida ya pembeni ni kwamba kwa mara ya kwanza alijua vitumbua vinampa nini, kwa sababu awali biashara ilikuwa inakopa mafuta na sukari jikoni, na jikoni nako kukichota kwenye mauzo, hakuna anayejua nani anamdai nani.

Sukari ilirudi dukani, robo kwa robo, kwa makusudi. Ile 200 ya ziada kwa kilo nilielewa sasa ni ya nini. Ni ujira wa mwenye duka kutunza sukari yako mbali na watoto wako. Kwa mafuta alikuwa anatoza 2,400 kwa lita kwa kazi hiyohiyo, na hapo ni ghali mno. Kwa sukari ni rahisi, mpe. Sabuni ya unga, chumvi na viberiti pia vilibaki kwake, na kila kitu kwa taslimu. Mama Z alienda mwenyewe siku ya kwanza, akamsalimia, akanunua, hakutaja ya Januari. Mwenye duka naye hakuyataja.

Mkaa uliendelea kwa gunia bila utaratibu wowote mpya. Gunia la Desemba lilitakiwa kwenda siku 22, lilikwenda 21. Nilijiuliza kwa nini mkaa haukufujwa kama mafuta. Jiko lina tumbo lake: ukijaza limejaa. Sabuni ya mche vilevile, inakatwa vipande kwa uzi, kipande ni kipande. Mchele hupimwa kwa kibaba tangu enzi na enzi. Mafuta na sukari havina kipimo cha asili ndani ya nyumba, mkono ndio kipimo, na mkono hujua kilichobaki chomboni.

Mahindi, debe moja tu kwa wakati mmoja, ndani ya mfuko ule usiopitisha hewa wenye tabaka la nailoni, ukiwa umefungwa vizuri. Mchele kilo 10 kwa 10, ndani ya ndoo yenye mfuniko, jikoni.

Samaki na mboga hatukugusa mtindo wa kununua kwa siku, ila bibi alitoa somo ambalo sikulitarajia. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hawaifuati taa, kwa hiyo bei hupanda. Mama Z alikuwa ananunua dagaa kila siku mwezi ukiwaje. Wakaanza kufuata mwezi: usiku wa giza dagaa wabichi kutoka feri, wengine wanaanikwa juu ya bati, mbalamwezi ikikomaa, kunde au mbaazi kwa nazi.

Baba Z alileta pendekezo la kununua friza la mtumba wahifadhi samaki na kuuza barafu. Tulilikataa kwa sababu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yao ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti ilikuwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukitoka huko uniti ilikuwa 292. Friza la zamani lingewatoa huko, na taa na pasi zingepanda bei nalo. Alinung'unika, akaacha. Kuhusu gesi ya mtungi waliamua kusubiri. Alitania kwamba Mtwara ina gesi chini ya miguu na sisi tunanunua mkaa. Nilimweleza kuwa ile ya Mnazi Bay ni gesi asilia inayokwenda kwa bomba, ya mtungi ni nyingine na inaagizwa kutoka nje. Hakuridhika, na simlaumu.

Ramadhani, kisha Mei

Ndoo ya pili ilinunuliwa Februari 3 kwa 94,000, pesa ya mwisho ya maghalani. Ilikwenda siku 44, hadi Machi 17. Hiyo ni 2,136 kwa siku.

Mfungo ulikuwa umeanza Machi 12. Vitumbua vilihamia jioni na mauzo yakapanda, chupa za biashara zikawa tatu, wiki nyingine nne. Ndoo ya tatu ilikwenda siku 38 tu, lakini haikumtisha mtu, kwa sababu kopo lilijaa mapema kuliko ndoo ilivyokwisha. Hapo ndipo Mama Z alipoacha kubishana kuhusu kulipia mafuta yake.

Ndoo ya nne ilifunguliwa Aprili 25. Siku tisa baadaye, Mei 4, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mvua ikavunja barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga, wilayani Kilwa. Malori yalikwama siku kadhaa. Huku mjini vitu vya kutoka Dar vilipanda, mafuta yakiwemo, na jirani zake wawili wanaopika maandazi walisimama. Yeye alipika kila siku kwa bei ileile.

Sitaki kuliuza hili kama ushindi wa mpango. Kama kimbunga kingekuja siku kumi kabla, ndoo ingekuwa inakwanguliwa. Ila pesa ya ndoo ingekuwepo kwenye kopo, na hiyo Januari haikuwepo.

Hesabu ya mwisho

Tulirudia daftari siku 14 za mwanzo wa Juni. Jumla 211,400, wastani 15,100 kwa siku. Novemba ilikuwa 17,250. Tofauti ni 2,150 kwa siku, karibu 64,500 kwa mwezi, na hapo bei za vitu kadhaa zilikuwa zimepanda. Mafuta yalichangia sehemu kubwa, mkaa ukafuata, iliyobaki ni unga wa dona na dagaa wa giza. Watoto wanakula kiasi kilekile. Mkopo wa kikoba ulilipwa wote, na Mama Z sasa ananunua hisa mbili kila wiki badala ya moja.

Uchambuzi wangu

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa langu. Niliona bei ya lita 7,000 nikaona wizi. Sikuona kwamba mwenye duka, kwa kuuza jero jero, alikuwa anafanya kazi tatu: anatunza mzigo, anapima matumizi, na anakopesha siku ya shida. Tulipomwondoa Desemba tuliondoa zote tatu kwa mpigo na hatukuweka mtu mahali pake. Mafuta yakafujwa kwa kukosa wa kupima, mahindi yakaliwa na dumuzi kwa kukosa wa kutunza, na sare zikakosa mkopeshaji. Februari tulizigawa upya: kupima na kutunza kwa bibi, kukopa kwa kopo la maziwa, na sehemu ndogo tukamrudishia mwenye duka kwa bei tunayoijua.

Wanaonisikiliza kwenye vikao wengi huchukua hapo neno "ndoo chini ya kitanda" wakaenda kununua ndoo. Nimeona nyumba mbili zimejaribu hivyo, zote hazina bibi. Moja iliishia siku 29.

Lingine ni pesa taslimu. Kutumia zaidi ya nusu ya pesa ya msimu kwa chakula Desemba, wakati kila mzazi anajua Januari ina nini, ni jambo nililopaswa kulizuia kwa kelele. Akiba iliyo kwenye gunia ina sura nzuri lakini haina mdomo wa kusema "nibadilishe niwe viatu".

Na kuna lile la mwenye duka kumkatalia. Nimewasikia wengine wakimlaumu. Mimi naona alikuwa na haki ya kuumia. Miaka yote alibeba deni la wiki bila riba, siku walipopata pesa wakampita na bajaji mbele ya mlango wake.

Sehemu moja bado haijakaa sawa. Mei 13 bibi alipata msiba kijijini, akakaa huko hadi arobaini. Aliacha ufunguo kwa Baba Z. Ndoo ya nne iliisha siku ya 33, na kopo lilipohesabiwa lilikuwa pungufu kwa elfu ishirini na kidogo. Baba Z alisema aliona aibu kumdai mke wake mwenyewe hela ya mafuta. Mama Z alisema yeye alikuwa anasubiri adaiwe.

Ndoo ya tano ufunguo alipewa yule binti mkubwa aliyeandika daftari. Anaandika kwa chaki nyuma ya mlango: tarehe, chupa, imelipwa, haijalipwa. Juni yote iliendeshwa naye, pamoja na zile siku 14 za daftari. Bibi aliporudi aliyasoma maandishi ya mlangoni, akauliza ile "haijalipwa" ya Jumamosi ya pili ni ya nani. Mtoto akamnyooshea mama yake kidole.